Alama za Huruma

Akina mama wenzangu, ninalo daftari moja la Kiswahili la mwaka 2019 ambalo nimelihifadhi kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Ni la binti yangu, ambaye hapa nitamwita Neema ingawa si jina lake. Limefunikwa kwa gazeti, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, na kila ukurasa una vema nyekundu kutoka juu hadi chini. Zamani nilikuwa nikiwaonyesha wageni. "Tazameni," nilikuwa nikisema, "mtoto kiziwi, na mwandiko huu!" Siku hizi silitoi kabatini ila kwa wazazi wa watoto viziwi wanaokuja kanisani kwetu siku za Jumamosi, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Neema alizaliwa mwaka 2008 akiwa anasikia vizuri. Alipokuwa na mwaka mmoja na miezi kumi alishikwa na homa kali, akatapika, shingo ikakakamaa, akaingia degedege. Mimi ni muuguzi. Nilijua ni nini hata kabla daktari hajachukua maji ya uti wa mgongo. Tulilala wodini siku 14. Alipotoka alikuwa akitembea kwa kupepesuka kama mlevi, tukadhani ni udhaifu wa ugonjwa. Tulikuwa tumeshapewa uhai wake, tukatosheka. Hakuna aliyetuambia tumpime masikio, wala mimi mwenye diploma yangu sikujiambia. Baada ya wiki kadhaa niliangusha sufuria jikoni nyuma yake. Paka akaruka. Neema hakugeuka.

Niruhusuni niseme kidogo kama muuguzi. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuharibu masikio kwa siku chache tu, kwa hiyo mtoto wako akiugua usikubali kuondoka hospitali bila kuuliza habari ya kipimo cha kusikia. Surua, matumbwitumbwi, na manjano kali ya mtoto mchanga nayo yanaweza kuleta uziwi, hali kadhalika baadhi ya dawa kama gentamaisini. Rubela ikimpata mama mjamzito, hasa katika miezi ya mwanzo, mtoto anaweza kuzaliwa haisikii sauti yako. Chanjo ya surua na rubela ilianza kutolewa hapa Tanzania mwaka 2014, msiikose. Na ukitaka kumjaribu mtoto nyumbani, usimpigie makofi karibu na uso, kwani upepo humgusa akageuka, nawe ukafarijika bure. Mwite kwa sauti ya kawaida kutoka nyuma.

Miaka sita iliyofuata tulikuwa tukitafuta masikio. Tulikwenda hospitali za rufaa, tukaenda kwenye maombi, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alituletea mtu wa kukata kilimi nikamfukuza mlangoni. Sijutii maombi hata kidogo. Ninachojutia ni kwamba katika miaka hiyo yote, wakati tukisubiri Neema asikie, hakuna aliyezungumza naye. Tulikuwa na ishara zetu za nyumbani kama thelathini hivi: kula, lala, njoo, choo, vibaya, nitakuchapa. Kaka yake alilala akisimuliwa hadithi za sungura na fisi. Neema alilala tu.

Mwaka 2016, akiwa na miaka minane, alipata nafasi katika shule ya bweni ya viziwi mbali na kwetu. Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Lakini ripoti zilipoanza kuja nilifarijika. Mwisho wa darasa la nne, Desemba 2019, ripoti ilisema Kiswahili 82, Hisabati 77, na chini mwalimu wa darasa aliandika, "Anajitahidi sana, ni mtoto mwenye nidhamu." Baba yake aliibandika ukutani sebuleni.

Likizo hiyohiyo nilikuwa na zamu ya usiku. Mdogo wao wa miaka mitatu alikuwa na malaria, ameshaanza dawa mseto, na mume wangu alikuwa safarini. Nyumbani alibaki bibi yao, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni maandishi tena. Kwa hiyo nikamwandikia Neema kwenye karatasi, nikiona fahari kwamba ninaye mtoto wa kumwandikia: "Mpe mdogo wako uji, halafu mpe kidonge kimoja. Usimpe dawa ya kwenye chupa." Chupa ilikuwa ya kikohozi ya baba yao, dawa ya watu wazima inayolevya, ambayo mtoto yule alikuwa akiipenda kwa utamu wake. Kosa la kuiacha mezani ni langu, silitupi kwa mtu.

Nilirudi asubuhi nikamkuta mtoto amelala usingizi usio wa kawaida, anafumbua jicho kwa shida, anafumba tena. Chupa imepungua. Neema alikuwa ameketi kando yake, karatasi yangu mkononi, anasubiri sifa. Alikuwa amefanya kila kitu kilichoandikwa: uji, kidonge, dawa ya kwenye chupa, vijiko viwili kwa utaratibu mzuri. Nilimbeba mdogo mtu hadi kituo cha afya nikiwa bado na sare yangu. Kufikia saa tisa alasiri aliamka akaomba chapati. Tulisamehewa. Lakini usiku ule sikulala, nikiitazama karatasi. Neno lililoniumiza lilikuwa moja, "usimpe". Sisi tunaosikia hatulihitaji hata kulifikiria. Neema aliona ndani yake "mpe", neno analolijua, basi akampa.

Siku ya pili nikamwandikia sentensi tatu na kumwomba achore. "Mbwa anamfukuza paka." "Paka anamfukuza mbwa." "Mbwa anafukuzwa na paka." Alichora picha tatu nzuri, na katika zote mbwa alikuwa nyuma na paka mbele, kwa kuwa hivyo ndivyo mbwa na paka wanavyoishi hapa kwetu. Alitambua maneno. Nani anamtenda nani, hakujua.

Katika usharika wetu yupo dada mmoja fundi cherehani, kiziwi tangu kuzaliwa. Miaka mingi nilikuwa nikimpa nguo za kupunguza, namwonyesha kwa vidole, nalipa, naondoka. Safari hii nilimpelekea daftari. Alilifungua, akacheka kidogo, kisha akachukua kalamu akaandika nyuma ya risiti: "Bakari alipanda mtoromo. Mtoromo ulikuwa na vigangu vitatu. Bakari alikula kigangu kimoja." Halafu akauliza maswali: Bakari alipanda nini? Mtoromo ulikuwa na nini? Akamsogezea Neema. Neema akaandika kwa mwandiko wake ule: "Bakari alipanda mtoromo." "Mtoromo ulikuwa na vigangu vitatu." Vema, vema. Mimi sijui mtoromo ni mdudu gani, wala yule dada hajui, aliutunga palepale. Neema alikuwa anatafuta neno la swali ndani ya habari na kunakili mstari ulio nalo, basi. Ndivyo alivyopata 82.

Yule dada akaniandikia kwamba hata yeye darasani alifundishwa hivyo, ila alikuwa na kaka mkubwa, naye kiziwi, na nyumbani kwao mikono ilikuwa inaongea tangu yeye akiwa mchanga. Alichonakili shuleni, kaka alimweleza jioni. "Mimi nilikuwa na mtu wa kuniambia maana," aliandika. "Mwanao ana nani?"

Januari 2020 nilimrudisha Neema shuleni mwenyewe, nikiwa na hasira na daftari ndani ya mkoba. Mwalimu niliyemkuta alikuwa kijana mpole, amechoka. Alikuwa amehamishiwa pale kutoka shule ya kawaida bila kujua alama hata moja. Alizozijua alifundishwa na wanafunzi wenyewe wakati wa mapumziko. Nilipomwonyesha hakubisha. "Mama, hawa watoto tunawahurumia," alisema. "Nikimpa 12 anayostahili, mzazi ataona anapoteza nauli, na baada ya likizo hatamrudisha. Nimeshuhudia. Bora nimpe 80 aendelee kula na kulala hapa na wenzake." Nilikuwa nimejiandaa kugomba, nikakosa la kusema. Kuna wazazi wengi wa namna hiyo. Na mimi, je, nilikuwa nimewahi kumwuliza mwalimu swali lolote ile miaka minne, zaidi ya kama mtoto anakula vizuri? Alama zile za huruma tulizipika wote, yeye jikoni na mimi mezani.

Nilianza kusoma habari za jambo hili, na niliyoyakuta yalinionyesha kwamba si letu peke yetu. Nchini Uingereza, mwaka 1979, mtafiti R. Conrad alichapisha matokeo ya kuwapima vijana viziwi waliokuwa wakimaliza shule wakiwa na miaka 15 na 16. Kiwango chao cha kati cha kusoma kilikuwa cha mtoto wa miaka 9. Hao walikuwa katika nchi tajiri, wenye vifaa vya masikio na walimu waliosomea. Na sababu haikuwa akili zao. Karibu karne moja kabla ya hapo, mwaka 1880, walimu wa viziwi walikutana mjini Milan, Italia, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakapiga kura kwamba viziwi wafundishwe kwa midomo na sauti tu. Katika nchi nyingi alama zikapigwa marufuku darasani, watoto wakaadhibiwa kwa kutumia mikono yao, na saa za masomo zikaishia katika kumfundisha mtoto kutamka neno moja ambalo hajawahi kulisikia. Ilikuwa hadi mwaka 1960 ndipo William Stokoe, mwalimu katika chuo cha viziwi cha Gallaudet huko Marekani, alipoonyesha kwa utafiti kwamba alama ni lugha kamili yenye sarufi yake. Mwaka 2010, mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, ulilikataa azimio la Milan na kueleza majuto. Miaka 130!

Mtu aliyenigusa zaidi ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi kutoka Alabama, aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa ugonjwa uleule uliompata Neema. Mwaka 1954 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi nchini Ghana, na kabla hajafariki alikuwa ameanzisha zaidi ya shule 30 katika nchi za Afrika. Alifariki Desemba 1987 katika ajali ya ndege huko Rwanda. Wapo wanaomlaumu kwa kuleta alama za Kimarekani mahali ambapo viziwi walikuwa na zao, na nadhani lawama hiyo ina ukweli. Lakini nilipoona picha yake amesimama mbele ya ubao nilijiuliza ni lini Neema wangu amewahi kufundishwa na mtu kiziwi. Hapa kwetu shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, chini ya Kanisa Katoliki, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Hatukuanza jana.

Kisha ikaja korona. Machi 17, 2020 shule zikafungwa, na Neema akarudishwa nyumbani na begi lake. Kwa watu wengi miezi ile ilikuwa ya hasara. Nyumbani kwetu ndiyo iliyoanzisha kila kitu, ingawa mimi nilikuwa nikirudi kazini nikiwa hoi na kuoga nje kabla ya kuwagusa watoto.

Yule dada alikuja kila siku alasiri, amevaa barakoa, akiishusha ili tuone uso wake kwa kuwa uso nao ni sehemu ya lugha. Sharti lake la kwanza lilinishangaza: mwezi mzima hakuna daftari. Alitufundisha sisi. Mimi, baba yao, kaka mtu, hata bibi aliyekuwa akishikwa mikono na kuelekezwa kwa kupapasa. Nilikuwa mzito kuliko wote. Kaka mtu wa miaka 13 alishika alama kwa wiki mbili, akaanza kumtania dada yake, na Neema akamjibu, wakagombana kwa mikono mezani chakula kikapoa. Sikuwahi kuwaona wakigombana kwa maneno. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Mwezi wa pili ndipo tuliposimulia kwanza, kisha tukaandika. Dada alimsimulia Neema kisa cha fisi aliyepasuka msamba, Neema akakirudia kwa mikono, halafu wakakiandika, sentensi fupifupi. Na hapo ndipo ulipoingia mkasi. Kiswahili chetu, akina mama, kinaficha mambo mengi katika neno moja. "Nitakupikia" ni sentensi nzima. Anayesikia huyapata hayo yote mgongoni mwa mama yake kabla hajaota meno. Kwa kiziwi ni uzi mmoja mrefu wa herufi. Basi tuliandika maneno kwenye karatasi za manila, tukayakata. U, si, m, pe. Kila kipande na alama yake: wewe, kukataza, yeye, kutoa. Kwa mikono kukataza hakujifichi, kuko kwenye kichwa, usoni na kwenye kiganja. Neema alikishika kile kipande cha "si" akakitazama muda mrefu. Akaenda mwenyewe kuichukua ile karatasi ya dawa, maana nilikuwa nimeiweka ndani ya Biblia, akakilaza kipande juu ya neno langu. Akanitazama, kisha akamtazama mdogo wake anayecheza mlangoni. Sikuwa nimewahi kumweleza kwa nini asubuhi ile nilikimbia. Siku ile nilimweleza, kwa alama zangu mbovu, na tulilia wote wawili.

Juni 29 shule zilipofunguliwa nilimwomba yule mwalimu jambo moja: ampe Neema alama zake za kweli, nami nitamrudisha kila muhula hata akipata sifuri. Desemba 2020 ripoti ikaja. Kiswahili 34. Mume wangu aliisoma mara mbili, akatazama ile ya ukutani, akaniuliza nimemfanya nini mtoto. Hatukuelewana kwa siku kadhaa. Mimi ile 34 niliipenda, kwa sababu katika daftari jipya vema zilikuwa chache na chini ya kila kosa kulikuwa na maandishi mekundu yanayoeleza. Yule kijana alikuwa ameanza kufundisha. Mwaka 2022 Neema alifanya mtihani wa darasa la saba, akapata wastani wa C. Sekondari kuna Kiingereza kinachomngoja, lugha ya tatu kwa mtoto ambaye hiyo ya pili bado inampa taabu, na sioni kama waliopanga hivyo waliwafikiria watoto hawa.

Jumamosi zetu kanisani zilianza mwaka 2021, tukiwa na watoto tisa. Dada fundi ndiye mwalimu, mimi nafagia, nachemsha uji na kuwabembeleza akina mama waketi wajifunze badala ya kuacha watoto na kwenda sokoni. Wapo wanaokataa. Mmoja aliniambia akijifunza alama atakuwa amekata tamaa ya uponyaji. Nilimwambia kwamba katika Marko sura ya 7 Bwana alimtenga yule kiziwi na makutano kwanza, akamgusa, akashughulika naye kwa mikono yake. Na kwamba akijifunza alama leo hazuii muujiza wa kesho. Alirudi baada ya miezi mitatu. Kamati nayo ilitaka tuunde kwaya ya viziwi iwe inaimba kwa alama Jumapili ya mavuno. Watu hulia sana wakiona kwaya kama hiyo, na sadaka hujaa. Niliuliza ni wangapi kati ya hao watoto wanaoweza kusoma ubeti mmoja wa kitabu cha nyimbo na kueleza maana yake. Tukakubaliana kwaya isubiri. Baadhi ya wazee bado wamenuna.

Machi 2023, wiki chache baada ya Neema kuanza kidato cha kwanza, nilipata barua yake kwa mkono wa mzazi mwenzangu. Ameandika "daftari wangu umejaa", ameandika "kitabu imepotea", na katika ukurasa mmoja nilihesabu makosa 14. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya kliniki, foleni ya akina mama na watoto ikinisubiri. Mstari wa mwisho aliupigia mstari chini: "Mama usinitumie sabuni ya unga. Nitumie ya mche."

Jioni nilipita dukani nikanunua miche miwili.